Kabla ya Kulipa, Tuambiwe Dawa Inaponya Wangapi

Simama jioni katika duka lolote la dawa hapa Mombasa, kati ya Mwembe Tayari na Digo Road, usikilize wanaohudumiwa. Wenye homa ni wachache. Wengi wamekuja na mambo yasiyomlaza mtu kitandani: chunusi zilizoacha madoa, mba, choa cha mgongoni, ukucha wa dole gumba uliogeuka manjano na kuwa mnene, nywele zinazopukutika utosini. Wanasema kwa sauti ya chini, wanaonyesha kwa kidole, wanatoa cheti cha daktari mkobani. Bei inatajwa, na mtu ananyamaza.

Tumezoea kudhani ananyamaza kwa sababu hana pesa. Ni kweli wengi hawana. Lakini hata mwenye pesa husita, maana hajui ananunua nini. Hajaambiwa dawa hiyo inaponya watu wangapi katika kila kumi, wala aitumie kwa muda gani, wala kama kwenye rafu hiyohiyo iko nyingine ya bei nafuu inayofanya kazi hiyo, tena vizuri zaidi. Hakuna anayenunua kilo ya vitunguu katika soko la Kongowea bila kuitazama mizani, na dawa za maelfu tunazinunua tumefumba macho. Bei inatukasirisha, na ina haki ya kutukasirisha. Mimi nakasirishwa zaidi na kile kinachotokea kabla ya bei kutajwa, katika zile dakika chache chumbani kwa daktari ambamo cheti huandikwa na maelezo hayatolewi.

Nitashika mfano wa ukucha kwa sababu namba zake ziko wazi, na kwa sababu maisha ya pwani yanaulea ugonjwa wake. Joto, unyevu, viatu vya kufunika kutwa nzima kwa walinzi, wahudumu wa hoteli na vijana wa bandarini, sakafu zisizokauka kwenye mabafu ya kushirikiana. Fangasi hawahitaji zaidi ya hapo.

Mwezi Juni 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kupaka iitwayo efinakonazoli, kwa jina la biashara Jublia, kwa ajili ya fangasi wa kucha za miguu. Kampuni ya Valeant iliyokuwa ikiiuza ilipeleka tangazo lake hadi kwenye Super Bowl ya Februari 2015, fainali ya mpira wa Kimarekani ambayo matangazo yake yanajulikana kwa ughali. Kichupa cha mililita 4 kiliuzwa huko kwa mamia ya dola, na mgonjwa alitakiwa apake kila siku kwa wiki 48. Majaribio mawili makubwa yaliyoipatia dawa hiyo kibali yalionyesha nini? Waliopona kabisa, yaani ukucha umerudi safi na maabara haioni tena fangasi, walikuwa asilimia 17.8 katika jaribio la kwanza na asilimia 15.2 katika la pili. Waliopakwa kimiminika kisicho na dawa walipona asilimia 3.3 na asilimia 5.5. Ukiwaondoa hao ambao wangepona hata bila dawa, efinakonazoli ilistahili sifa ya kuponya watu kati ya 10 na 15 katika kila mia, baada ya karibu mwaka mzima wa kupaka. Dawa nyingine ya kupaka, Kerydin, ilipata kibali mwezi uliofuata. Yake ilikuwa asilimia 6.5 na asilimia 9.1.

Hizo namba hazikufichwa. Zimeandikwa kwenye karatasi rasmi ya dawa yenyewe. Ila tangazo linaloonekana na mamilioni ya watu haliwezi kuanza kwa kusema kwamba wanunuzi zaidi ya wanane katika kila kumi hawatapona kabisa.

Na wakati huo wote tembe za terbinafini zilikuwepo. Zimekuwa sokoni tangu miaka ya 1990: miligramu 250 kwa siku, wiki 6 kwa kucha za mikono, wiki 12 kwa za miguu. Katika majaribio yake ya kucha za miguu waliopona kabisa walikuwa asilimia 38, na ambao maabara haikuwaona tena na fangasi walikuwa asilimia 70. Tangu 2007 makampuni mengine yamekuwa yakiitengeneza huko Marekani bila jina la kampuni asilia, na bei yake imeshuka sana. Ina hatari zake na sitaki kuzipunguza. Inaweza kudhuru ini, kwa hiyo mtu hupimwa damu kabla ya kuanza, na mwenye ugonjwa wa ini haandikiwi. Wengine hupoteza ladha mdomoni kwa wiki kadhaa au zaidi. Mgonjwa angewekewa mambo haya mezani, tembe za bei nafuu zinazoponya mara mbili na zaidi lakini zina hatari kwa ini, au dawa ghali isiyogusa ini inayoponya takriban mmoja katika kila sita, angechagua mwenyewe. Wapo watakaochagua ile ghali kwa sababu nzuri. Wapo watakaosema ukucha nauacha ulivyo, pesa nalipia karo. Yote ni majibu ya mtu mzima aliyeelezwa.

Kwetu kuna rangi ya dawa ya kucha, ile ya amorolfini, inayopakwa mara moja au mbili kwa wiki. Nilikuwa katika duka moja la dawa karibu na Mji wa Kale alipoingia na cheti cha kichupa hicho mama mmoja wa makamo, amevaa buibui, mikononi ana hina iliyoanza kufifia. Kijana wa kaunta alikitoa kwenye kasha na kumwekea juu ya kioo.

"Pesa ngapi, mwanangu?"

"Elfu nne na mia mbili, mama."

"Kwa ukucha mmoja?"

"Ndiyo aloandika daktari, mama."

Alikigeuza kichupa, akakisoma, akakiweka chini. Kisha akauliza jambo ambalo nina hakika halikuwahi kuulizwa katika majaribio yoyote ya dawa ile. "Na hii ni kama rangi. Nikitawadha, maji yafika kwenye ukucha?"

Kijana akafungua karatasi ya maelezo, akaisoma juu hadi chini. "Hapa hawakusema, mama. Labda umuulize daktari."

"Daktari alikuwa na haraka." Akakisukuma kichupa taratibu kumrudishia, akasema atarudi.

Swali lake lilikuwa sahihi kabisa. Rangi ile imetengenezwa makusudi iwe utando unaokaa juu ya ukucha kwa siku kadhaa, na humo ndimo dawa inamohifadhiwa. Katika mji ambao wanawake wengi hawapaki rangi za kawaida za kucha kwa sababu ya udhu, na wanapamba kwa hina ambayo haizuii maji, huwezi kuandika dawa ya namna hiyo bila kuuliza. Masheikh wana maelezo yao juu ya dawa au bendeji iliyo kwenye kiungo, na si kazi yangu kutoa fatwa. Kazi ya mwandika cheti ilikuwa kujua kwamba mgonjwa aliye mbele yake anatawadha mara tano kwa siku, na kwamba kichupa kisichopakwa hakiponyi hata kikiwa cha dhahabu. Angalau mama yule aliuliza kabla ya kulipa. Wangapi wamelipa, wakafika nyumbani, na kichupa kikabaki kabatini?

Lipo na suala la muda. Ukucha wa mguu hukua takriban milimita moja na nusu kwa mwezi, na huchukua mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu kujibadilisha wote. Hata fangasi wakifa leo, ule ubovu utaendelea kuonekana mpaka ukucha mpya uusukume nje. Asiyeambiwa hivyo hutumia dawa miezi miwili, haoni tofauti, anaacha. Baadaye ananunua nyingine, ghali zaidi, akiamini ile ya kwanza ilikuwa hafifu.

Na kuna kosa la gharama kubwa kuliko hayo. Kucha zilizoharibika si zote zina fangasi. Madaktari wa ngozi hukadiria kwamba ni kama nusu tu. Nyingine zimeumizwa na viatu vinavyobana. Nyingine ni ugonjwa wa ngozi wa soriasisi uliojitokeza kwenye kucha. Wanawake wanaoosha vyombo na kufua nguo za watu kutwa, mikono ikiwa majini, hupata uvimbe sugu pembezoni mwa kucha, na tiba yake ya kwanza ni kuikausha mikono na kuvaa glavu. Rangi ya maelfu ya shilingi haiwafai kitu. Anayeandikiwa dawa ya fangasi kwa kutazamwa tu analipia ugonjwa ambao huenda hana.

Kipimo cha kuanzia ni cha zamani na rahisi. Mtaalamu wa maabara hukwangua unga kidogo chini ya ukucha, akauweka kwenye kigae cha kioo, akadondoshea maji ya potasiamu haidroksaidi yanayoyeyusha chembe za ukucha, kisha akatazama kwa darubini kama kuna nyuzi za fangasi. Kipimo hiki hukosea wakati mwingine, hasa kwa kusema hakuna fangasi ilhali wapo, lakini ni bora mara elfu kuliko kubahatisha. Darubini inayohitajika ni ya aina ileile inayotumika kupimia malaria. Vituo vya afya vya kaunti vinapima malaria. Sioni kwa nini mgonjwa wa ukucha aliyeko Likoni au Mikindani aondoke na cheti cha dawa ghali na asiondoke na jibu la maabara.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya urembo, anayetaka kung'ara alipe. Sikubaliani nao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msichana mwenye chunusi zilizomjaa usoni, anayekataa kwenda harusini na kuketi na wenzake, hana jambo dogo. Mhudumu wa hoteli anayeambiwa na meneja afiche mikono yake ana jambo la riziki. Na kwa mwenye kisukari ukucha mbovu haumo kabisa katika mlango wa urembo: ukucha mnene hukata ngozi, vijidudu huingia, na mguu usiohisi maumivu hufika hospitali ukiwa umeshaoza. Kwa mtu huyo ningesema atibiwe hata kwa ile dawa ghali, endapo ini lake haliruhusu tembe.

Ninachokilalamikia ni biashara iliyogundua kwamba aibu inalipa kuliko ugonjwa. Tazama historia ya finasteridi. Kampuni ya Merck ilipata kibali cha kuiuza Marekani mwaka 1992 kwa jina la Proscar, miligramu 5, kwa wazee wenye tezi dume iliyovimba. Mwaka 1997 dawa ileile ikarudi kwa jina la Propecia, miligramu 1, kwa wanaume wanaopata upara. Tembe ya Propecia ina dawa kidogo mara tano kuliko ya Proscar, na watu wakajifunza kununua ile kubwa na kuikata vipande kwa kisu, kwa sababu hesabu ilikuwa inawaambia hivyo. Au bimatoprosti, matone ya presha ya macho, ugonjwa unaopofusha. Mwezi Desemba 2008 kimiminika hichohicho, kwa kiwango hichohicho cha asilimia 0.03, kikapata kibali cha pili kwa jina la Latisse, cha kurefusha kope. Kampuni haikuhitaji kuvumbua dawa mpya. Ilihitaji kupata watu wanaojitazama kwenye kioo.

Sheria yetu hairuhusu dawa za cheti kutangazwa kwa umma. Ni Marekani na New Zealand tu, katika nchi tajiri, zinazoruhusu. Nashukuru kwa hilo. Lakini simu za vijana wetu hazina mpaka. Kijana wa Kisauni anaona video ya mtu wa Los Angeles akionyesha uso kabla na baada, na kesho yake anaingia dukani na picha ya kasha. Hapo ndipo mfamasia anapotakiwa kuwa mfamasia. Wengi wao ni watu waliosoma, wanaojua kwamba benzoili peroksaidi ya bei ya chini ni silaha halisi dhidi ya chunusi, na kwamba choa kwenye ngozi husikia mikonazoli au terbinafini ya kupaka. Dawa hizo tatu zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, orodha ambayo ilianza mwaka 1977 kwa lengo hilohilo la kuzisaidia nchi zisizo na pesa za kuchezea. Mfamasia anayasema haya akiulizwa. Foleni ikiwa ndefu, na anayepanga mauzo akiwa ni mwenye duka, haulizwi na hasemi.

Aliyeshindwa na bei haendi nyumbani akasubiri. Hili ndilo linaloniumiza kuliko yote. Anavuka barabara, anaingia kibanda cha vipodozi, anauziwa tyubu ya shilingi mia au mia mbili ambayo ndani yake mna klobetasoli, steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, ya daraja la juu kabisa la nguvu, mara nyingi ikiwa imechanganywa na dawa ya fangasi na ya bakteria. Kitabibu klobetasoli ni dawa ya cheti, isiyopakwa zaidi ya wiki mbili mfululizo na isiyozidi gramu 50 kwa wiki. Kibandani inauzwa kama mafuta. Choa kinaacha kuwasha kwa siku mbili tatu, mtu anafurahi, na chini ya utulivu huo fangasi wanatambaa kwa sababu steroidi imezinyamazisha kinga za ngozi. Hali hiyo ya choa kilichojificha nyuma ya steroidi ilielezwa na madaktari tangu 1968. Usoni ni vibaya zaidi: ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinarudi kwa wingi kila ukiacha kupaka, ndipo mtu hawezi tena kuacha.

India, ambako tyubu za mchanganyiko huo zimetumika kiholela kwa miaka mingi, kumeibuka fangasi aitwaye Trichophyton indotineae, anayesambaa mwilini na mara nyingi hasikii terbinafini. Ameshaonekana katika nchi nyingine nyingi. Mombasa na India zina safari za biashara, za ndoa, za matibabu. Tukimpokea fangasi huyo, ile tembe ya bei nafuu niliyoisifu hapo juu itatutoka mkononi, na zitabaki zile ghali.

Kwa hiyo bei ya juu dukani na sumu ya bei ya chini kibandani ni ugonjwa mmoja. Bodi ya Famasia na Sumu ikivamia vibanda, wiki moja tyubu zinaadimika, wiki ya pili zinarudi, kwa sababu wateja wako palepale na choa chao kiko palepale.

Bima haitawaokoa kwa sasa. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii inakata asilimia 2.75 ya mshahara wa aliyeajiriwa, na asiye na mshahara halipi chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mfuko wenye madeni ya saratani na figo hauwezi kuwekwa kulipia kope, na mimi sitaki ulipie kope. Uingereza, yenye huduma ya afya tajiri kuliko yetu, ilitoa mwongozo mwezi Machi 2018 uliotaja hali 35 ndogondogo, mba na chunusi hafifu zikiwemo, ambazo madaktari wa England washauriwe wasiziandikie dawa kwa kawaida ikiwa mtu anaweza kujinunulia dukani. Unaweza kuupinga mwongozo huo. Uzuri wake ni kwamba ulisemwa hadharani, ukajadiliwa, na mtu anajua anasimama wapi. Kwetu serikali haipangi bei ya rejareja ya dawa katika maduka binafsi, na pia haisemi lipi ni dogo na linatibiwa kwa nini. Kila mtu anaamuliwa kivyake, mlango ukiwa umefungwa.

Kuna mambo ambayo hayahitaji sheria mpya kutoka Nairobi. Cheti kiandikwe jina la dawa yenyewe, na jina la kampuni likiwepo liwe la pili, ili mwenye duka aweze kumwambia mteja: ipo hii, na ipo hii, zote ni terbinafini. Bei za dawa za ngozi zinazonunuliwa zaidi zibandikwe ukutani kama zinavyobandikwa bei za petroli. Daktari anayeandika dawa ya kupakwa mwaka mzima amwambie mgonjwa sentensi tatu: nimehakikisha kwa kipimo kwamba ugonjwa ni huo, inaponya wangapi katika kila kumi, na itachukua muda gani kabla hujaona tofauti. Sentensi tatu hazichukui dakika moja hata kwa daktari mwenye haraka.

Na kaunti inunue potasiamu haidroksaidi. Afya iligatuliwa tangu 2013. Hili haliko mikononi mwa mtu mwingine. Ni kemikali ya bei ndogo, darubini zipo, wataalamu wa maabara wapo na wamefundishwa kipimo hicho chuoni. Wawakilishi wadi wetu watakapoketi tena kwenye makadirio ya afya waulize swali hili kwa maandishi: ni vituo vingapi Mombasa vinavyopima fangasi leo, na kinachozuia vingine ni nini.